Filimbi Sita za Kwenda Baharini

Jumamosi nilikuwa katika duka la vifaa vya michezo katikati ya jiji, natafuta soksi, mama mmoja wa makamo akaingia na kuomba filimbi sita.

"Wewe ni mwalimu wa michezo?" muuzaji akamuuliza.

"Hapana. Msichana wangu ako ng'ambo, amenilipia likizo kwa ile meli kubwa ya watalii. Tutalala baharini siku saba."

Tochi alikuwa nayo tayari mkobani. "Na pasipoti itakaa hapa," akasema akijipapasa kiunoni. "Nimeshona mfuko wa zipu ndani ya shimizi."

Muuzaji akacheka. "Lakini mathe, filimbi sita za nini? Meli iko na kengele, iko na masoja."

"Hata sisi mtaani Woodley tuko na soja wa kulinda geti. Lakini mwizi akija, mimi napuliza, jirani anapuliza, mpaka mtaa wote unaamka. Filimbi moja ni kelele tu. Nikifika huko melini nitabisha milango ya majirani, nisalimie, niachie kila mtu yake."

Akazijaribu zote, moja baada ya nyingine, akizipangusa kwa kitambaa. Muuzaji hakucheka tena. Mimi nilimvulia kofia.

Nilisahau soksi, nikanunua filimbi mbili. Moja iko kando ya kitanda changu. Ya pili ni ya jirani ambaye tumetenganishwa na ukuta mmoja tu kwa miaka mitatu. Bado ninayo mfukoni, kwa sababu nikibisha mlango wake sijui nitamwita nani.