Mama Hakifungwi

Pale chuo cha maofisa afya, aliyetutoa jasho kuliko wakufunzi wote alikuwa mfagiaji. Asubuhi utamkuta koridoni na mopu yake, anatuchamba: "Haya wasomi, inueni miguu!" Siku ya zoezi la dharura anavua aproni, anajifunga kitambaa kichwani, anageuka mwenye kisima. Kisima chenyewe kilikuwa cha mazoezi tu, nyuma ya maabara, kikavu miaka nenda rudi. Kazi yako ni kumweleza kwamba maji yamepimwa, yana kipindupindu, kisima kinafungwa. Akikubali, umefaulu. Akikataa, umefeli. Mkufunzi mkuu ndiye aliyepanga hivyo, na kwa nini, hatukuambiwa. Karibu wote alitukataa, tukambatiza Mama Hakifungwi.

Mimi alinikataa mara mbili. Ya tatu ukifeli, unafungasha virago. Nilichukia, siwafichi. Nimekariri vipimo vyote vya klorini, halafu mtu wa mopu ndiye anirudishe nyumbani? Jamani!

Siku hiyo nikamwaga yote: vimelea, sheria, faini. Akanikodolea macho.

"Umemaliza, mwanangu? Basi hakifungwi."

Nikaketi juu ya ndoo yake aliyoipindua pale, na kwa kukata tamaa tu nikamuuliza, "Sasa mama, nikikifunga, leo utachota wapi?"

Akaegemea ukingo wa kisima.

"Chetu walikifunga kweli," akasema, na sauti haikuwa ile ya zoezi. "Wakazungushia utepe, wakapanda gari lao wakaenda zao. Hilo swali hakuniuliza hata mmoja. Nikachota mtaroni. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Aliharisha siku mbili, basi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miezi yote ile nilidhani ananionea.

Mkufunzi mkuu akasogea na fomu yake, akauliza taratibu, "Vipi, mama, amefaulu?"

"Kuuliza kauliza," akajibu, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Maji sijayaona."

Nikainuka, nikachukua ndoo niliyokuwa nimeikalia, nikaenda bombani. Ilijaa polepole, presha ilikuwa ndogo. Nikaibeba kwa mikono miwili, inanimwagikia viatuni, nikaiweka miguuni pake.

Kisima alikuwa ameshakifunika mwenyewe.