Mifuko ya Dagaa Iliyochubuka

Siku ya kwanza niliingia kiwanda cha mifuko pale Igogo na cheti cha darasa la saba na kifua mbele. Msimamizi wa zamu, Mhaya mmoja mrefu, alinipima kuanzia miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Msukuma, plastiki unaijua?"

"Naijua ndoo."

Zamu nzima ilicheka. Baadaye hao hao ndio waliokuwa wakiniita mimi mashine ikigoma.

Msimamizi alinipa kazi ya kumimina punje za plastiki kwenye mdomo wa mashine. Mfuko wa minofu ya sangara unauona kitu kimoja, kumbe ni matabaka. Nje kuna nailoni, ngumu, inazuia hewa. Ndani kuna poli, plastiki laini, inakubali kufungwa kwa moto. Hawa wawili hawapatani. Wabane pamoja, wakipoa wanaachana. Kwa hiyo katikati hupita tabaka la gundi, jembamba kuliko ganda la kitunguu. "Gundi ndiyo mshenga," alisema msimamizi.

Nikapanda hadi kuongoza mashine, kisha nikawa fundi wa wateja. Nipe mfuko niusugue karibu na sikio, nitakwambia umetengenezwa kwa kitu gani.

Ndipo akaja Mama Nyamizi, mwenyekiti wa wanawake wanaokaanga dagaa wa pilipili na limao. Mifuko tuliyomuuzia ilichubuka kama ngozi iliyoungua, na dagaa wakachacha. Wenzake walisema anakaangia mafuta ya jana, na kikao cha Jumamosi kilikuwa cha kumvua uenyekiti. Meneja wetu akawaunga mkono mbele ya watu: "Mfuko huo huo unabeba sangara kila siku. Mama akaoshe sufuria zake."

Nikaenda kumwona akikaanga. Mafuta yalikuwa mapya, nilionja mwenyewe. Ila dagaa walitoka karaini wakaingia mfukoni bado wanachemka.

"Mama, mbona huwaachi wapoe?"

"Wakipoa wananyonya unyevu wa ziwa, ng'wanawane, mwanangu. Nani atanunua dagaa waliolegea?"

Hapo nikaelewa. Sangara huenda kwenye barafu, na gundi yetu ilichaguliwa kwa ajili ya baridi. Nikamweleza injinia, binti wa Bukoba. Akatia mafuta ya moto na limao kwenye mfuko mpya; kesho yake matabaka yakaachana kwa kucha tu.

"Kweli, kaka. Mafuta yamepenya poli, yakailegeza gundi."

Meneja hakutaka kwenda kwenye kikao. Nikamwambia, "Bosi, maneno yale uliyasema hadharani." Akaja Jumamosi, akasimama mbele ya wale wanawake pale pale wanapokaangia, karai likiwa motoni.

"Sufuria za mama hazina kosa. Gundi yetu ndiyo haikufaa dagaa wa moto."

"Si ungesema kabla hatujamnunia!" mmoja akadakia.

Mama Nyamizi alijifuta mikono kwenye khanga, akamgeukia yule aliyemshitaki kwa sauti kubwa kuliko wote: "Haya, shika mwiko, mafuta yanaungua."

Injinia akatafuta, akapata gundi inayovumilia moto. Mimi nimestaafu mapema, mgongo umekataa kunyanyua mabunda ya plastiki, lakini nina duka langu la vifungashio Nyegezi na jina langu linajulikana hadi Kisesa. Vijana huja kuniuliza mfuko mzuri ni upi. Hakuna mfuko mzuri, kuna mfuko wa kitu fulani. Muulizeni mteja anafunga nini humo, cha moto au cha baridi, kabla hamjamwita mchafu.