Goroli Yenye Kitovu

Enzi zetu, goroli ya gobole ilikuwa na sura. Vijana wa leo hawalielewi jambo hili, maana wao wanajua risasi za kwenye simu, zinazotoka bila kikomo, na mchezo ukiisha unabonyeza mahali unaanza upya. Sisi tuliokulia kule Nkunga, chini ya Mlima Rungwe, tulizijua goroli kabla hazijawa goroli, zikiwa bado mabamba ya betri kuukuu za malori ya chai. Tuliziona zikiyeyuka jikoni kwa mama zetu, pembeni ya sufuria ya maharage, na hakuna aliyetuambia kwamba moshi ule ni sumu. Nashangaa tumefikaje kuwa na mvi.

Kila msimu mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe pori walishuka kutoka msituni. Kundi likiingia shambani usiku, hadi jua linatoka unakuta mabua yamelala chini yote na watoto wa nyumba hiyo watakula ndizi tupu mpaka mwaka ugeuke. Kwa hiyo nyumba zenye gobole zililinda mashamba ya wote, na wasio na gobole walibeba mapanga na madebe ya kugonga. Gobole la baba lilikuwa la babu kabla ya kuwa lake. Kitako kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba, na lilishindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, halafu kitambaa, halafu goroli. Lilipiga mara moja tu, na ukikosa, nguruwe hakungoji ushindilie tena.

Baba ndiye aliyepiga, lakini goroli zilikuwa za mama. Baba hakuwa na subira ya moto. Alimimina risasi ya yale mabamba ikiwa bado haijaiva, goroli zikatoka na makunyanzi, akazilaumu kuni. Mama alimnyang'anya kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa, na hakumrudishia tena.

Kazi ilingoja siku kavu, na kwetu siku kavu ni ya kuotea. Tone moja la maji likidondokea risasi iliyoyeyuka, huruka yote na kumwunguza mtu uso. Mama alikagua paa la jikoni kwanza, akagusa kila ukuni, kisha akatukagua na sisi. "Gwe Tumpe, umetoka kisimani? Simama huko huko na hiyo miguu yako!" Nilisimama mlangoni hadi nikauke. Risasi ilipoyeyuka alitupia kipande cha nta ya nyuki, jiko likajaa moshi wenye harufu ya asali iliyoungua, na taka zote zikapanda juu. Aliziengua kwa kijiko cha bati, chini pakabaki maji mazito yanayong'aa, na ukiinama unaona uso wako mwenyewe. Hapo ndipo alipochota kwa upawa na kumimina kwenye kalibu, chuma cha vipande viwili chenye mishikio kama koleo. Aligonga mara moja kwa mti, akafungua, goroli ikadondoka kwenye kikapu cha majivu.

Uzuri wa goroli mpya sijui niuelezeje. Ilikuwa nyeupe, yenye kung'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi, na ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, hata mkono ulishtuka kidogo. Baada ya wiki kadhaa ilififia ikawa ya kijivu, na ikikaa sana iliota unga mweupe kama imepakwa chokaa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzichagua. Nilizibingirisha juu ya sinia lililogeuzwa na kuzisikiliza. Iliyo nzima ilikwenda moja kwa moja, yenye shimo ndani iliyumba na kugeukia pembeni. Zilizokataliwa zilirudi motoni, isipokuwa zile ambazo mimi na rafiki yangu Sekela tuliziiba kuchezea mdako. Ukikosa kuidaka, goroli ilikugonga kifundo cha kidole mpaka machozi yanakutoka. Mama alijifanya haoni.

Kalibu yetu ilikuwa na kovu ndani. Babu aliiangusha juu ya jiwe wakati wa ujana wake, na tangu hapo kila goroli iliyotoka humo ilikuwa na kinundu kilichotokeza, kidogo kama punje ya ulezi. Tulikiita kitovu. Baba alitaka kukikwangua kwa kisu lakini mama alikataa. "Kiache hapo hapo. Nikiiona popote nijue ni yangu."

Na ilikuwa na maana. Kalibu za kijiji hazikufanana. Nyumba moja goroli zao zilikuwa na mshono kiunoni, nyingine ndogo kidogo, nyingine zilichongoka upande mmoja. Nguruwe akiangushwa na magobole mawili, wazee hawakubishana. Walimpasua, wakatoa goroli iliyofika moyoni, wakaiosha, na mwenye sura hiyo ndiye aliyechukua kichwa na mgongo. Sijawahi kusikia mtu akikana goroli yake siku ya nyama.

Siku isiyokuwa ya nyama ilikuja asubuhi moja ya ukungu. Nguruwe waliingia shamba la Baba Sekela, jirani yetu wa ng'ambo ya migomba, mtu aliyekula kwetu bila kukaribishwa, naye baba alikula kwao vivyo hivyo. Wanaume wakatandaa kando ya mahindi, wenye magobole upande wa juu, wenye madebe upande wa chini. Ukungu wa Rungwe ukishuka hata mkono wako huuoni vizuri. Magobole yakalia karibu kwa pamoja. Kisha tukasikia, hadi jikoni, sauti ya mtu ambayo haikuwa ya kushangilia.

Goroli ilikuwa imemwingia Baba Sekela kwenye paja. Walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, lori la chai likamchukua hadi hospitali, Tukuyu. Nakumbuka wanaume walivyorudi jioni, kila mmoja akitazama miguu yake. Kila aliyekuwa na gobole alikuwa amepiga, na hakuna aliyejua ya nani ilikwenda wapi. Baba hakula. Alikaa kwenye kiti cha nje na gobole limelala magotini.

Baada ya siku chache Mama Sekela alirudi kutoka hospitali. Mumewe alikuwa hai, lakini daktari hakuwa amesema kama mguu utabaki. Alikuwa amefunga goroli kwenye pindo la kanga yake, naye akaanza kupita nayo nyumba kwa nyumba, kila penye gobole. Aliifungua, akaiweka juu ya kigoda, akangoja. Upande mmoja ilikuwa imebapa kwa kugonga mfupa, na damu ilikuwa imeikaukia ikawa nyeusi. Watu waliitazama na kutikisa vichwa. Wengi walisema kweli: hawakuitambua.

Kwetu alitukuta tunamenya ndizi. Alisalimia kama kawaida, akakaa, akafungua pindo.

"Polisi watauliza ya kwao," alisema. "Mimi sitaki kumfunga mtu. Nataka tu kujua nani ninamsalimia asubuhi."

Baba alikuwa mlangoni. Nilimwona akishika mwimo kwa mikono miwili. Hapo mama angeweza kutikisa kichwa kama wengine, na hadi leo naamini hakuna ambaye angejua. Hakutikisa. Alichukua goroli, akaimwagia maji ya kata, akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, upande ule ambao haukubapa. Kidole kikasimama. Nilikuwa nimezichagua goroli nyingi mno kwa mikono hii, nikajua kidole chake kimesimama juu ya nini.

"Hii ni yangu," mama alisema. "Niliimimina mimi."

"Na gobole ni langu," baba alisema kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa ndogo sana kwa mtu mkubwa kama yeye.

Mama Sekela hakulia wala hakutukana. Aliwatazama wote wawili, kisha akapokea goroli na kuifunga tena kwenye pindo. Mimi niliogopa. Nilidhani ndio mwisho, kwamba Sekela hatacheza nami tena na migomba ile itakuwa mpaka. Mama aliosha mikono, akavuta kanga yake kutoka kwenye kamba, akajifunga.

"Twende tukamwone," alisema.

Wakaondoka pamoja, Mama Sekela mbele, mama nyuma na chupa ya chai. Baba alichukua gobole lake begani na kwenda mwenyewe polisi. Walimweka ndani kwa muda. Aliyemtoa ni Baba Sekela, alipowaambia polisi pale kitandani hospitalini kwamba ukungu ndio uliopiga, na kwamba wakimfunga huyo hatakuwa na mtu wa kumlimia. Gobole lilibaki huko huko. Mama aliipeleka kalibu mtoni akaitumbukiza, na jikoni kwetu haikuyeyushwa risasi tena.

Mguu ulibaki, ila haukukunjika tena. Tangu mwaka ule, jembe la kwanza la nyumba yetu liliingia shambani kwa Baba Sekela kabla ya kwetu, na hakuna mtu aliyetuita. Yeye mwenyewe aligeuza jambo lile kuwa utani. Mawingu yakijikusanya alijipapasa paja na kusema kwa sauti, "Mguu wa Mama Tumpe unasema leo kutanyesha." Mama alicheka, lakini kila mara aliinamisha kichwa kwanza. Baba alipofariki, Baba Sekela alisimama kaburini kwa fimbo yake, na ndiye aliyelia kuliko sisi watoto.

Sasa naye ameondoka. Nilitoka Mbeya kwenda kumzika, na nilipofika Kiwira gari letu lilisimama kwa sababu bodaboda ilikuwa imemgonga bibi mmoja aliyebeba viazi. Alikuwa ameketi kando ya barabara anashika nyonga. Vijana walikuwa wamejaa, pikipiki zimepangwa zote mpya, zote zinafanana, na kila kijana aliapa siyo yeye. Mmoja alikuwa anapiga picha. Tulimpakia bibi tukampeleka zahanati, na njia nzima hakuuliza habari ya fidia. Aliuliza tu, "Lakini ni nani?" Niliumia, jamani. Nasi enzi zetu tulikuwa na ukali wetu na ujinga wetu, siwezi kudanganya. Lakini mtu akiumizwa, aliyemwumiza alikuwa na jina, na asubuhi alikuja kusalimia.

Baada ya mazishi Sekela aliniita pembeni. Mkononi alikuwa na kikopo cha vifungo, na ndani ya vifungo goroli, imeota unga mweupe kabisa. "Baba aliiweka miaka yote hii," alisema. "Alisema akifa irudi kwa mwenyewe."

Mwenyewe yupo bado. Mama haoni vizuri siku hizi na kumbukumbu zimemtoroka. Mimi ananiita kwa jina la dada yake, na habari ya msiba tulimwambia asubuhi, mchana ameshasahau. Nilimkuta ameketi uani juu ya mkeka. Nilimwekea goroli kiganjani.

Mkono wake ulishtuka kidogo kwa uzito. Akaigeuza, kidole gumba kikaanza kusugua, taratibu, unga ukatoka, kidole kikasimama.

"Hii ni yangu," alisema. "Niliimimina mimi."

Kisha akaanza kupapasa pembeni, akitafuta kitu, na uso wake ukaingia wasiwasi. "Kanga yangu iko wapi? Gwe Tumpe, nipe kanga. Twende tukamwone."

Nilimfunga kanga. Nikamshika mkono, tukapita katikati ya migomba, taratibu, mpaka penye udongo mpya.