Firigisi ya Jogoo wa Nyumbani

Kwetu magharibi, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Hakuna aliyeuliza kwa nini isipokuwa mimi, na jibu lilikuwa kofi. Baba akiwa safarini, ilimwendea kaka, kwa kuwa ndiye aliyebaki shuleni. Mimi niliyeacha masomo mapema nilipewa shingo. Dada yangu alipewa mchuzi.

Ndiyo maana dada aliponipigia simu, nikiwa Dagoretti Corner nikishusha magunia ya viazi, akasema wamechinja jogoo aliyeletwa kutoka nyumbani, nilipiga hesabu upesi. Baba ameshafariki. Kaka yuko mbali. Shemeji ni Mkamba, mila zetu hazimhusu. Mwanamume wa kwetu mezani nitakuwa mimi. Nikatembea hadi kwake Woodley nikimeza mate.

Sufuria ilipofunuliwa, dada aliichota firigisi, nami nikasogeza sahani. Upawa ukanipita. Akamwekea binti yake mdogo.

"Hiyo ni ya huyu," alisema. "Tangu aanze shule amekonda."

"Lakini kwetu..."

"Kwetu wapi? Hapa ni kwangu. Kula shingo, si umeizoea?"

Shemeji alicheka hadi akapaliwa na ugali. "Pole, bro. Hata mimi mwenye nyumba huwa naisikia tu."

Nilimtazama yule mtoto. Soksi zisizo na tundu, kikombe cha maziwa ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, na sasa firigisi yangu. Nilimwonea wivu, wala sikuona haya. Kilichoniuma zaidi ni alivyokula polepole, akichezesha miguu chini ya meza, kama mtu ambaye hajawahi kunyang'anywa tonge.

Aliuma upande mmoja, akatafuna, akakunja uso.

"Mami, hii ni ngumu. Sitaki." Akashuka kitini, akaenda kucheza.

Nusu ilibaki sahanini, na alama za meno. Niliitazama. Nilipoinua macho, dada naye alikuwa akiitazama. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yeye hata shingo hakuwahi kupewa.

"Chukua wewe," akasema.

"Aa, wewe kwanza."

Akaleta kisu, akaikata. Tukatafuna, shemeji akitushangaa. Ilikuwa ngumu kweli, mtoto hakudanganya.

Lakini kipande cha dada kilikuwa kikubwa kuliko changu. Niliona.