Aliniambia Niache Malori Yatembee

Admin, nifiche kabisa, huyu mtu ana marafiki wengi hapa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tano, naishi Ruiru. Miaka ya tisini nilikuwa natengeneza programu za kompyuta katika kiwanda kimoja cha matunda Thika, mwanamke pekee kwenye ofisi ile. Nilikuwa nimeandika programu ya kuigiza foleni ya malori ya mananasi: lori linafika, linapimwa, linapakuliwa, na saa ya programu inaruka kutoka tukio moja hadi lingine, ili wakubwa wajue msongamano utatokea wapi kabla matunda hayajaoza. Mchumba wangu naye alikuwa ameandika yake. Kiwanda kilitaka moja tu, na atakayeshindwa angefutwa kazi.

Zilipimwa siku moja, mashine ileile, kazi ileile, tuone ipi itamaliza haraka. Zote mbili zilikuwa na picha za malori yakitembea kwenye skrini. Nilitaka kuzima picha zangu, maana kuchora kila lori kunachelewesha mashine. Akanishika bega. "Wacha picha, mami. Wazee wanapenda kuona vitu zikitembea. Hata mimi nitaacha yangu." Nilimwamini. Wazazi wetu walikuwa wameshajuana.

Yangu ilianza. Malori yalijikokota mpaka wakubwa wakaitisha chai, na meneja akauliza, "Kwani hii ya msichana inachemsha githeri ya mahindi makavu?" Walicheka, mchumba wangu akicheka kuliko wote. Ikaja yake, skrini tupu, ikamaliza mara moja. Aliniambia picha ilikataa kufunguka, nami nikampa pole! Nilifutwa, yeye akapandishwa cheo, tukaoana. Tangu hapo kila nikigusa kompyuta ananiambia, "Wachana nayo, itakufia tena." Nimeishi nikiamini sina akili ya kazi ile.

Juzi marafiki zake walitupeleka Kamakis kula nyama choma, kumpongeza kwa kustaafu. Nyama iko mdomoni, akawaambia, "Huyu nilimshinda kwa kumwambia tu awache picha zitembee, nami nikazima zangu. Yake ilikuwa kali kuliko yangu, aki ya Mungu. Sasa ningefanya nini, nioe bosi wangu?" Meza nzima ikaangua kicheko. Kisha akanigeukia akasema, "Ai, si ni zamani? Kwani hukupata bwana?"

Namchukia.

Jumapili tuna sherehe ya shukrani nyumbani, na ameniagiza nishike maiki niwaambie watu vile alinitoa mbali. Binti yetu anafanya kazi ya kompyuta, na huambia kila mtu kwamba babake ndiye aliyemfundisha kuwa mkweli. Nikisema ukweli, nitamvunja binti yangu mbele ya wakwe zake. Nikimsifu, nitakuwa nimejizika mwenyewe, na aliyenizika ndiye atakayepigiwa makofi.

Ndugu zangu, maiki ikifika mkononi mwangu, niseme nini?