Kituo cha Arobaini na Moja

Kwa miaka saba mama yangu alipima mvua kijijini kwake Lusu kila asubuhi saa tatu, akanitumia namba kwa simu, nami sikuziingiza popote. Ofisi yetu ya Tabora huwatangazia wakulima wakati wa kupanda, na programu yake ya mvua iliandikwa kwa Fortran ya zamani, lugha ya kompyuta, yenye nafasi za vituo arobaini tu. Mzee aliyenifundisha kazi nilipomaliza kidato cha nne alinionya nisiiguse hiyo arobaini. Niliwahi kuibadilisha mahali pamoja nikasahau pengine. Kituo cha Kwihara kikatoka kwenye tangazo na mafuriko katikati ya kiangazi. Ikawa desturi: kituo kikifa, ndipo kingine kiingie.

"Kwa hiyo nasubiri msiba wa nani?" mama aliniuliza mwaka huu. "Huku watu wanapanda kwa mvua ya Nzega mjini, mahindi yanakauka. Tangazo la Ijumaa likitoka bila Lusu, namba zangu basi, situmi tena."

Nilikasirika, maana alisema kweli. Nikarudi nyumbani Ipuli, nikamfunga mtoto mgongoni, nikafungua maelezo ya matoleo mapya ya lugha niliyojidai naijua. Kumbe siku hizi safu ya namba si lazima uitajie ukubwa. Nikaandika mstari mmoja:

mvua = [mvua, lusu]

Yaani chukua orodha ya mvua, mwishoni ongeza Lusu. Nikauliza ukubwa. 41. Orodha imejitanua yenyewe, kama nyumba inayosogeza kuta mgeni akipiga hodi. Nikafuta mistari kumi na miwili ya kujumlisha kituo kimoja kimoja, nikaweka sum(mvua)/size(mvua), yaani jumla gawa kwa idadi. Wastani ukalingana na nilioupiga kwa mkono.

Nikampigia mzee.

"Shikamoo. Ile arobaini inaondoka."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanifundisha."

"Mimi nilifundishwa kuiogopa, mwanangu. Nikakupa woga wangu."

Sikumwambia "si neno." Lilikuwa neno.

Ijumaa tangazo likatoka: Lusu wasubiri wiki moja ndipo wapande. Mama akapiga mwenyewe.

"Na zile za miaka saba? Ulizitupa?"

"Nilizifuta, mama."

"Ninazo kwenye madaftari. Zitaenea humo kwenye kompyuta?"

"Zitaenea zote."

"Njoo na kiroba basi, ubebe mwenyewe. Mimi mgongo sina."