Jogoo wa Bwana wa Nyasura

Wenceslaus aliwahi kuwa mpiga mnada wa ng'ombe, na mtu wa kazi hiyo mimi simwamini hata akiwa amepiga magoti. Alizaliwa hapa hapa kijijini kwetu, si mbali na Butiama. Ujanani alikwenda Bunda kupakia marobota ya pamba, kisha akachukuliwa minadani kwa sababu ya sauti yake. Sauti hiyo ingeweza kukuuzia kamba ya ng'ombe usiye naye. Aliporudi na mvi zake, hana mke wala mbuzi, kigango chetu kikampa kazi ya kunadi sadaka. Nikasema moyoni, haya, fisi kakabidhiwa bucha.

Kwetu wengi hawana noti za kutoa. Wanatoa walichonacho: mtama, muhogo mkavu, mayai, malenge, kuku. Wanajumuiya hupokea vitu hivyo kabla ya misa, bila kutangaza nani kaleta nini, na baada ya misa vinapangwa nje ya mlango wa kanisa na kunadiwa. Fedha inakwenda kwenye matengenezo. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati yote ya upande wa kwaya, na Padre alituambia wazi kwamba mfadhili hakuna, tutaezeka wenyewe. Basi kila senti iliyopotea pale ilikuwa bati letu. Mimi huuza dagaa ninaowafuata Mwigobero, kule Musoma. Najua gunia linavyopungua likipita mikononi mwa watu, kwa hiyo nikamkodolea Wenceslaus macho.

Nilianza kumshuku kwa malenge. Lenge kubwa kuliko yote lilinadiwa mwisho, watu wakiwa wameshatawanyika, na mnunuzi akawa yeye mwenyewe, kwa bei ya chee. Kisha akaja yule jogoo.

Alikuwa mwekundu, na mguu wake wa kushoto ulikosa kidole kimoja. Mwezi wa pili Wenceslaus alimwinua juu, akatoa kisimu chake na kukibandika sikioni. "Kuna bwana yuko Nyasura, kule Bunda. Anasema elfu kumi na tano." Hakuna aliyeongeza. Mwezi wa tano akaletwa jogoo mwekundu, na bwana wa Nyasura akapiga tena simu. Nilikuwa nimesimama karibu. Kioo cha simu kilikuwa cheusi tii, simu imezimika! Nikamtazama jogoo mguuni. Kidole hakipo. Jogoo aliyeuzwa mwezi wa pili amerudije mbele ya kanisa mwezi wa tano?

Sikuhitaji kwenda shule zaidi kujua jibu. Mtu yule anamchukua jogoo bure kwa jina la bwana asiyekuwepo, anamficha kwa mwenzake, kisha wanamrudisha watuchezee tena. Nilimweleza jirani yangu Boke, na ukimweleza Boke jambo umewaeleza watu wa visima vyote vitatu.

Mwezi wa nane jogoo akaonekana tena. Nilikuwa na fedha za dagaa kwenye pindo la khanga.

"Bwana wa Nyasura anasema kumi na tano," Wenceslaus akatangaza.

"Ishirini!" nikasema.

Akanitazama. Akaisikiliza simu yake iliyokufa. "Anasema ishirini na mbili."

"Thelathini!"

Akaishusha simu polepole. "Mama Boni, huyu kuku ni mzee. Nyama yake ngumu."

"Kuni ninazo."

Watu wakacheka, na mimi nikalipa. Jioni ile ile nilimchinja. Alikuwa mgumu kweli, lakini nilimtafuna kwa raha ambayo sijawahi kuipata kwa nyama laini. Wiki haikwisha kabla maneno ya visimani hayajamfikia Silasi, mwenyekiti wa kigango. Wenceslaus hakuulizwa kitu, aliambiwa tu apumzike. Kazi yake wakanipa mimi, kwa kuwa nina sauti ya sokoni. Nilikubali kabla Silasi hajamaliza kusema.

Alhamisi akaja Bibi Skolastika. Ni mjane mkongwe, anaishi peke yake ng'ambo ya mto, na hata kwa ndoo ya maji ya kusaidiwa huuliza kwanza alipe nini. Akaketi, akakataa chai.

"Nasikia jogoo umemnunua wewe," akasema. "Bwana wa Nyasura hajakasirika?"

"Bibi, unamjua huyo bwana?"

"Kwa sura simjuagi. Lakini alikuwaga ananiwekea jogoo wake, mjini hana banda. Kila akinunua, Wenceslaus alikuwaga ananiletea, anasema mlishe. Si unajua desturi yetu, mtu akikuwekea ng'ombe zake, unapataga ndama. Sasa jogoo atazaa ndama gani? Tukakubaliana, nikimlisha miezi mitatu, anakuwa wangu. Na mimi nampelekaga kanisani, ndiyo sadaka yangu." Akaitazama mikono yake. "Sasa mwezi wa kumi na moja nitatoa nini, mwanangu?"

Manyoya mekundu yalikuwa bado nyuma ya jiko langu, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimkuta Wenceslaus akipukuchua mahindi ya watu, kibarua kinachomlisha na ambacho, kumbe, ndicho kilichokuwa kikimnunulia jogoo.

"Ulimla?" akaniuliza.

"Nilimla."

"Nilikuambia ni mgumu."

"Kwa nini hukusema, mzee wangu?"

"Niseme nini? Kwamba Skolastika anatoa kuku ninayemnunua mimi? Angekanyaga tena kanisani?"

"Na malenge je?"

"Malenge nilikuwa nakulaga," akasema. "Nayapenda."

Nilimwambia nitasimama Jumapili nimsafishe mbele ya watu wote. Akakataa. Nikimsafisha yeye, nitakuwa nimemvua nguo yule bibi. Akaendelea kupukuchua. Nilikaa pale nikiichukia midomo yangu.

Siku ya gulio nilinunua jogoo wa madoadoa, nikavuka mto. "Bibi, bwana wa Nyasura amenipigia. Anaomba umlishie huyu."

Akampekua miguu yote miwili. "Huyu ana vidole vyote," akasema, akafurahi kama mtoto. "Masharti ni yale yale?"

"Ni yale yale, Bibi."

Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuwa imeanza, na bado mabati sita yalikosekana. Nilisimama mlangoni, jogoo wa madoadoa mkononi. Skolastika alikuwa mbele kabisa, ameketi wima. Wenceslaus alisimama nyuma peke yake, watu wamemwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Nikatoa simu. Ilikuwa imezimika tangu jana, umeme ulikatika.

"Bwana wa Nyasura yuko hewani," nikatangaza. "Anasema elfu kumi na tano!"

Skolastika akatabasamu. Boke, aliyekuwa ubavuni pangu, akainamisha shingo akakitazama kioo cha simu, kisha akanitazama mimi. Akaondoka taratibu mpaka alipo mke wa Silasi, akamwekea mdomo sikioni.

Sikuhitaji kusikia. Maneno yale nilimfundisha mimi. Nikapaza sauti: "Kumi na tano, mara ya kwanza!"